Mwanangu hasomi mpaka nimwahidi hela, nifanyeje?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Nina kijana wangu yupo darasa la nne, shule ya ingilishi midiamu huku Mbagala, na mwaka huu ana mtihani wa taifa. Mwaka jana nilimwambia kila somo akipata zaidi ya 80 nampa elfu mbili, akasoma kweli na hela nikatoa. Sasa hivi hashiki daftari mpaka aulize mama utanipa shingapi, hata vile vitabu vya hadithi alivyokuwa anavipenda kaviacha. Baba yake anasema dawa ni fimbo. Mimi nauza khanga Kariakoo narudi saa 2 usiku, na shule niliishia la saba kwa hiyo Kiingereza chake sikiwezi. Akitoka shule anapitiliza tuisheni mpaka saa 12 jioni, analala saa 4, gari la shule linampitia saa 11 alfajiri. Nimuongezee tuisheni ya jumamosi? (Mama Twaha)

JIBU: Marahaba mama Twaha. Nianze na hiyo jumamosi maana ndo ulichouliza: hapana, usimuongezee, na hata hizo za kila siku ntakuomba upunguze. Nimefundisha shule za msingi hapa Dar miaka mingi kabla sijasomea saikolojia ya elimu, na barua kama yako nimezipata nyingi tu, mzazi anajilaumu wakati alichofanya alikifanya kwa mapenzi. Twaha sio mvivu. Ila kuna kitu kimetokea kichwani kwake na kina maelezo.

Mwaka 1973 kule Stanford, Marekani, watafiti watatu, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichukua watoto wadogo wa chekechea ambao tayari walikuwa wanapenda kuchora na kalamu za rangi. Wengine wakaahidiwa kabisa kwamba ukichora utapewa cheti kizuri chenye utepe, wengine hawakuahidiwa ila walipomaliza wakashtukia wanapewa, na wengine hawakupewa kitu. Baada ya wiki moja mbili wakawekewa zile kalamu tena bila zawadi yoyote, wakaangaliwa wanafanya nini. Wale walioahidiwa walichora kwa muda ambao ni kama nusu tu ya wenzao. Waliopewa kwa kushtukizwa wala hawakupungukiwa hamu, walikuwa sawa na ambao hawakupewa.

Yani mama, hela yenyewe sio sumu, kilichofanya kazi ni ile ahadi iliyotangulia. Mtoto anajiuliza mbona mimi nalipwa kusoma, kumbe hii ni kazi, hakuna mtu analipwa kula embe. Ndo maana hata hadithi alizokuwa anasoma kwa raha zake kaziacha, maana hazina dau. Hapo ndo panaponiumiza mimi kuliko hayo maksi, kwa sababu mtoto anayejisomea mwenyewe hadithi ni mali, na mlikuwa nayo ndani.

Sasa usikate ghafla kwa hasira. Kama kuna somo alishafikisha 80 na hujamlipa, mlipe leo. Kisha mkalishe umwambie ukweli kwamba mpango wa hela umeisha, sio adhabu, mama kaona njia nyingine. Atanuna wiki moja hivi, muache anune. Baadae siku ukipita mahali ukaona kalamu nzuri au kitabu cha hadithi mnunulie tu bila kukifunga na matokeo, na usimtangazie mapema. Nikwambie pia kwamba kuna kazi zinaboa kweli, mfano kukariri tebo, hapo ukisema tukimaliza hii tunakula wote matunda haiharibu kitu, maana hakukuwa na hamu ya kupoteza. Tabu inakuja ukiweka bei kwenye kitu ambacho mtoto alikuwa anakipenda bure.

Hii habari ya Kiingereza ndo nataka unisikilize vizuri, maana wazazi wengi wa hapa mjini wanajitoa kwenye masomo ya watoto wao kwa sababu hiyo tu, wanamkabidhi mwalimu wa tuisheni kila kitu. Huhitaji kujua somo lake. Kinachohitajika ni masikio yako kwa dakika 20, na kitabu kifungwe. Ukishaoga, hata kama unamenya vitunguu, mwambie Twaha njoo unieleze leo mwalimu wa sayansi kafundisha nini, mimi nimeshinda Kariakoo sijui chochote. Aeleze kwa Kiswahili. Mmea unapataje chakula? Anakwambia jua, maji, hewa. Wewe uliza kama mtu asiyejua kweli, kwani mmea una mdomo, hayo maji yanapandaje mpaka juu? Akikwama usimfokee, afungue kitabu, asome hapo hapo alipokwama, akifunge, aendelee. Mwisho yale majina ya Kiingereza ya lile somo ayaandike kwenye karatasi bila kuangalia, halafu ajisahihishe mwenyewe kwa kitabu. Kesho kutwa muulize tena kitu kile kile, na jumapili tena.

Inaonekana ni kitu kidogo, ila angalia. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma, kundi moja wakakisoma mara nne, kundi lingine wakakisoma mara moja tu kisha mara tatu wakajaribu kukumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma ndo walikuwa mbele. Baada ya wiki moja wao wamebaki na asilimia 40 ya kile kifungu na wale waliojikumbusha wana 61. Hao walikuwa wa chuo lakini kwa watoto nayo nimeiona darasani kwangu, mtoto anayekodolea daftari saa zima anahisi amejua kwa sababu maandishi yamemzoea machoni, akiingia kwenye mtihani hola. Kichwa kinashika kile ambacho kilihangaika kukitafuta.

Na hapo hapo kuna faida ya pili ambayo hela haikuweza kumpa. Watoto wanasukumwa na kujiona wanaweza, kuwa na kauli kidogo kwenye mambo yao, na kuwa karibu na mtu wanayempenda. Akikufundisha wewe anapata vyote vitatu kwa mpigo. Ila muachie achague aanze na somo gani, usipange wewe kila kitu.

Kwenye kusifia nako kuna mtego. Sisi tunapenda kusema mwanangu wewe kichwa bwana, umerithi kwa babu yako. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck waliandika kuhusu majaribio waliyofanya na watoto wa darasa la tano, na wale waliosifiwa kuwa wana akili walikimbilia maswali rahisi na walipokutana na magumu wakakata tamaa haraka kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Kwa hiyo sifia alichofanya. Naona leo ulikwama ukarudi mwenyewe ukatafuta, safi sana.

Haya, usingizi. Gari linampitia saa 11, maana yake anaamka saa 10 na nusu, na kama analala saa 4 hapo ni masaa 6 na nusu. Mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anatakiwa alale masaa 9 mpaka 12 kwa siku. Mama Twaha huyo mtoto amechoka! Unapomuona kaduwaa mbele ya daftari usiku sio jeuri, mwili umegoma. Ndo maana nasema tuisheni ipungue, ibaki siku mbili kwa lile somo linalomshinda zaidi, siku nyingine arudi nyumbani acheze, ale mapema, nyie muongee saa 2 na dakika 10, saa 2 na nusu awe kitandani, hapo atapata masaa 8, bado hayajafika 9 ila ni afadhali sana kuliko sasa. Uliza pia shuleni kama anaweza kupandia gari kituo cha mwisho badala ya kuwa wa kwanza kuchukuliwa azungushwe Mbagala nzima, najua foleni zetu zilivyo lakini dakika 40 za usingizi ni nyingi.

Jumamosi nenda nae dukani masaa mawili. Mpe daftari lake la mauzo. Umenunua doti 20 kwa laki mbili, umeuza 17 kwa elfu 13 kila moja, je mtaji umerudi? Akipiga ataona imeingia 221,000, faida 21,000 na doti 3 bado zipo. Muache apige mwenyewe hata akikosea mara tatu. Mkitoka hapo Maktaba Kuu ya Taifa ipo barabara ya Bibi Titi, sio mbali na Kariakoo, ina sehemu ya watoto, mpeleke siku moja achague hadithi mwenyewe na asiulizwe maswali ya kitabu hicho akimaliza.

Kuhusu baba Twaha na fimbo, mwambie kwa upole, mtoto anayeogopa anajifunza kuficha daftari. Mpe kazi: siku ambazo umechelewa yeye ndo awe anaelezwa somo.

Na kitu kimoja cha kuangalia kabla ya yote haya, muulize mwalimu wa darasa Twaha anakaa dawati la wapi na kama anaona ubaoni vizuri. Akisogeza kitabu karibu na pua au akikunja macho kuangalia tivii mpeleke apimwe wiki hii hii.