Bati la pembeni ndilo huondoka kwanza

Jioni moja ya Aprili, mwaka juzi, nilijibanza mlangoni kwa jirani huku Nyalenda, mtaa wa Kisumu, nikitazama paa langu likiezuliwa. Si lote. Bati moja la pembeni, upande wa Milima ya Nandi ambako mvua ilitokea, lilipigapiga mara tatu nne, kisha likang'oka na misumari yake likaangukia mtaroni. La pili likafuata. Ya katikati hayakutikisika.

Kesho yake fundi akaja. "Mwalimu, upepo umeingia chini ukayasukuma."

"Jaduong', mzee wangu, na madirisha yote nilikuwa nimefunga?"

Tulicheka, lakini swali lilinikaa. Nafundisha fizikia, na hapo sikuwa na jibu.

Nililipata kwenye kikombe. Acha chai itulie, chovya kijiko nusu kikiwa kimesimama wima, ukivute polepole kwa upande wake mpana. Kando zake mbili zitazaa vishimo viwili vinavyozunguka, kimoja kulia, kingine kushoto. Kasia za wavuvi wa Dunga huacha jozi kama hizo ziwani kila zinapovutwa.

Maji yanayogusa kitu hunata. Ya juu yake huenda kidogo, ya mbali hukimbia. Mjerumani Ludwig Prandtl ndiye aliyelieleza tabaka hilo jembamba, mwaka 1904. Sasa mkondo ukifika kwenye ukingo mkali, hauwezi kukata kona ya ghafla namna ile. Hupitiliza, kama bodaboda iliyoshindwa kona. Nyuma ya ukingo hubaki maji yaliyozubaa, na pale yanayokimbia yanapopakana na yaliyozubaa, mkondo hujikunja na kujiviringisha kama mkeka. Hicho ndicho kisulisuli. Katikati yake shinikizo hushuka, ndiyo maana chai inabonyea.

Upepo hufanya vilevile. Hupiga ukuta, hupanda, hufika kwenye ukingo wa bati, huuruka. Kisulisuli hujiviringisha juu ya bati, palepale karibu na ukingo, kikilinyonya kwenda juu. Upepo ukija mshazari ukalenga pembe ya nyumba ni balaa zaidi: visulisuli viwili huanzia penye pembe, kila kimoja kikalala kando ya ukingo wake, vyembamba mwanzoni na vinene kadiri vinavyokwenda. Wakati huohuo upepo uliozuiwa na ukuta unasukuma upenu kutoka chini. Kwa hiyo fundi wangu alikuwa na nusu ya jibu, na nilimwambia hivyo.

Upepo wa kilomita 72 kwa saa, kwa hewa ya Kisumu, una shinikizo la kama kilo 21 kwa mita ya mraba. Kwenye pembe mvuto unaweza kufika maradufu ya hapo, hata kupita. Bati la geji 30 halifiki kilo 3 kwa eneo hilo. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huwa mara nne. Basi lile jiwe la kilo kumi tunaloweka juu ya paa linasaidia nini? Likianguka, linaumiza mtu.

Mafundi wengi hutawanya misumari sawasawa paa zima. Mwambie wako aibane pembezoni: kila mgongo wa bati upate msumari ukingoni na penye pembe, katikati aruke mgongo mmoja. Ncha ikitokeza chini ya mbao, aikunje. Mbao zenyewe zifungwe ukutani kwa waya mnene au utepe wa chuma, la sivyo bati litashika na mbao itaondoka nalo, jambo nililoliona kwa jirani mwingine mvua zilizofuata. Upenu wangu ulikuwa karibu mita nzima, wa kujivunia kivuli. Niliukata ukabaki futi mbili. Mke wangu bado ananidai kile kivuli.

Nyumba ya nyanya yangu kule Nyakach ilikuwa ya mviringo, ya nyasi, haina pembe hata moja ya kisulisuli kuanzia. Sisemi turudi huko. Panya wa kwenye nyasi nawakumbuka.

Pandeni juu Februari, kabla ya masika, mkiwa na nyundo. Shika bati la pembeni ulitikise kwa mkono. Likicheza hata kidogo, anzia hapo.