Honda CG125 inazima ikipata moto mlimani: usiikague ikiwa imepoa

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Pikipiki ya mzee wako, CG125, imelala bandani Tukuyu miaka mitatu, umeifufua, sasa asubuhi inakutoa jasho kwenye kiki, halafu ukishavuka Kiwira na kuanza kuupandisha mlima wa Isyonje inazima ghafla. Unakaa nusu saa, unapiga kiki, inawaka kama vile haikufanya lolote. Fundi kakwambia ni kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, eti huku juu hewa nyepesi, ununue mpya. Ikishindikana afungue injini aweke ringi za pistoni.

Usinunue kitu kwanza. Hayo ni matatizo mawili, la asubuhi na la mlimani, na naona hayana hata undugu.

Mimi nilikuwa bwana shamba, sasa nimestaafu, niko Uyole, Mbeya. CG yangu niliipata kwenye mnada wa vyombo chakavu mwaka 2009 na mwaka wake wa kwanza ilinifanyia hayohayo. Ikipata moto inapoteza moto, ndivyo jirani yangu alivyokuwa akinitania. Naipeleka gereji, safari yenyewe fupi, lami tupu, inafika haijachoka. Fundi anapiga kiki moja inaunguruma. Anaitazama, kisha ananitazama mimi. Hana cha kukagua, ila mteja kaja na pesa, basi lazima kitu kibadilishwe. Tukaanza na plagi. Ikafuata koili ya juu, ile inayopeleka umeme mkali kwenye plagi, iliyojificha chini ya tangi. Kisha CDI, kile kiboksi cha kuamuru cheche itoke lini. Kisha kabureta ya Kichina ambayo sailensa yake, yaani ule mwunguruno wa injini usipogusa mafuta, ilikuwa inapanda na kushuka yenyewe kama mtu mwenye homa. Kila mara pikipiki inatoka gereji nzima, kila mara inanilaza njiani Isyonje. Na simlaumu fundi peke yake, maana mimi ndiye niliyekuwa nampelekea mgonjwa siku ambayo haumwi.

Kwa hiyo ugonjwa huu unapimwa palepale unapotokea. Weka mfukoni spana ya plagi, plagi nyingine unayoiamini, bisibisi, kitambaa kinene cha kushikia vitu vya moto, na chupa ndogo inayoonyesha ndani. Ikizima usikimbilie kiki. Kila dakika inayopita injini inapoa na ushahidi unaondoka.

Kwanza kumbuka imezima vipi. Hili watu hawalitilii maanani na ndilo linalosema mengi. Ikikata kama mtu kazungusha funguo, bila kukohoa, hapo umeme. Ikianza kuvutavuta, inanyong'onyea, ukipunguza mafuta inapata nafuu kidogo kisha inakufa, hapo petroli haifiki ya kutosha. Ikipoteza nguvu polepole na kiki ikawa nyepesi kama unakanyaga godoro, hapo kompresheni, yaani mgandamizo wa ndani ya injini, imetoroka. Wewe umeandika "ghafla". Nakushika kwa neno hilo.

Pili fungua kifuniko cha tangi. Kina tundu dogo la kupitishia hewa, na pikipiki iliyokaa bandani miaka mitatu tundu hilo huwa limeziba kwa kutu au vumbi, petroli inashindwa kushuka. Ukisikia inavuta pumzi "fyuu" na baada ya hapo ikawaka, umemaliza kazi kwa bure, toboa kwa sindano urudi nyumbani.

Tatu, na hii ndiyo yenyewe: chomoa plagi ikiwa bado ya moto, kitambaa kikusaidie, chomeka ile nyingine kwenye kofia ya waya, ilaze chuma chake kwenye mapezi ya injini mbali na tundu ulilotoa plagi, maana pale hutoka mvuke wa petroli na hutaki kujichoma nyusi. Piga kiki. Cheche ya bluu inayolia "ta, ta" ni nzima. Ya njano iliyolegea ni ya mashaka. Isipoonekana kabisa, sahau kabureta. Kabla hujaondoka hapo chomoa waya wa swichi ya kuzimia, kwenye Honda na Kichina nyingi ni mweusi wenye mstari mweupe, kisha jaribu tena. Wakati mwingine ni swichi tu imeingiwa na maji au waya umechubuka unagusa bodi kwenye kona ya usukani.

Yangu, siku nilipoipima hivyo palepale ilipozima, haikuwa na cheche hata ya dawa. Nilikaa kando ya barabara na mama mmoja aliyekuwa anauza viazi, kila baada ya muda nanyanyuka napiga kiki naangalia plagi, yeye ananihurumia, nadhani alijua nimerukwa na akili. Kama dakika ishirini na tano hivi cheche ikarudi. Sijagusa kitu chochote, nimesubiri tu ipoe. Nikajua kuna kitu kinakufa kwa joto. Na kwa kuwa koili ya juu na CDI zilikuwa mpya, na plagi niliyojaribia nilikuwa naiamini, kilichobaki ni kile ambacho hakuna aliyekigusa: koili zilizo ndani ya magineto, kile kizalisha umeme cha injini.

Mle ndani kuna koili inayozalisha umeme wa kulisha CDI. Ni waya mwembamba kama unywele umezungushwa mara nyingi sana na kupakwa vanishi. Miaka ikienda vanishi inapasuka, waya unapata ufa mahali. Ikiwa baridi ufa umegusana, umeme unapita. Ikipata joto kila kitu kinatanuka, ufa unaachana, umeme unakata. Ikipoa inagusana tena. Mlima wa Isyonje unaupanda gia ya pili, gia ya tatu, mwendo mdogo, upepo hautoshi kupooza injini. Ndiyo maana inazima pale na haizimi ukiwa unateremka Kyela.

Nilivyohakikisha ni hivi. Nilifungua kava la kushoto nikaitoa sahani ya koili nzima, nikaunganisha teste, mita ya kupimia umeme, ile ya kawaida ya dijitali, nikaiweka kwenye omu 2000. Waya mmoja wa teste kwenye waya mweusi wenye mstari mwekundu, mwingine kwenye chuma cha sahani. Ikasoma 331. Nzuri kabisa, hata duka la vifaa wangekwambia ni nzima. Kisha nikaisogeza karibu na jiko la mkaa, si juu yake, pembeni, mahali ambapo mkono unavumilia kidogo tu. Mke wangu anauliza tunachoma nini. Wajukuu wamekaa wanasoma namba kwa sauti: 335, 342, 350. Kupanda hivyo ni kawaida, shaba ikipata joto ukinzani wake unaongezeka. 361. 370. Halafu kioo kikafuta namba zote ikabaki 1 peke yake upande wa kushoto, maana yake waya umekatika. Nikaiondoa jikoni tukanywa chai. Kabla chai haijaisha namba zikarudi.

Zile spea nne nilizobadilisha ningeweza kununulia mbuzi.

Koili mpya orijino sikuipata, na ya Kichina niliyoonyeshwa mashimo yake ya skrubu hayakulingana. Nikaenda kwa fundi wa kusuka mota. Watu wengi wanadhani hawa ni wa pampu na mashine za kusaga tu. Akaifumua huku anahesabu mizunguko anaandika kwenye daftari, waya wa unene uleule, akairudisha, vanishi, siku mbili ikauke. Bei yake ilikuwa chini ya ile kabureta ya homa. Mpaka leo naitumia. Sharti ni moja tu, mpelekee koili nzima nzima, usianze kuifumua mwenyewe ukamharibia hesabu.

Kama ya mzee wako ni ya zamani zaidi, ya plati (vijichuma vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke) badala ya CDI, basi anayekufa kwa joto kwa kawaida ni kondensa, kile kikopo kinachofanya kazi na plati. Dalili zilezile. Fungua plati uziangalie: zikiwa zimeungua na kuota kichuguu upande mmoja na shimo upande wa pili, kondensa ndiyo mwizi. Kasha lake ni dogo kama kidole cha mtoto na bei yake haitakuumiza. Weka mpya, safisha plati kwa msasa laini, acha nafasi ya milimita 0.3 hadi 0.4 zikifunguka kabisa. Wenye Yamaha DT na AG mnaosoma hapa, zenu za CDI zina ugonjwa huuhuu wa koili ya magineto, msijione mmepona.

Sasa la asubuhi. Hapa nakuomba uanze na tapeti, yaani ile nafasi ndogo juu ya vali, kabla ya kabureta. Honda waliitoa CG mwaka 1976 wakiwafikiria watu kama sisi, wanaoendesha sana na kuhudumia kidogo, ndiyo maana vali zake zinasukumwa na fimbo, hakuna cheni ya taiming ya kukusumbua, na kurekebisha tapeti ni kazi ya nusu saa. Injini iwe imepoa kabisa, yaani ilale usiku mzima. Zungusha magineto mpaka alama ya T ikae mkabala na alama ya bodi, hakikisha vali zote mbili zimelegea (zikiwa zimebana zungusha raundi moja zaidi), kisha pima. Zote mbili, ya kuingiza na ya kutolea, ni milimita 0.08. Fila geji (vibati vya kupimia nafasi) ikikosekana mafundi wetu hutumia wembe wa kunyolea, ule wa kukata pande mbili, unene wake ni kama 0.1, unakuwa umelegeza kidogo sana na haidhuru. Usitumie karatasi.

Na usidanganywe na ukimya. Tapeti inayolia "tiki tiki" inakuambia ipo, nafasi imezidi kidogo. Inayotisha ni iliyonyamaza kabisa, maana vali inazama kwenye kiti chake taratibu, nafasi inakwisha, mwisho vali haifungi sawasawa. Hapo kompresheni inavuja na asubuhi ya Juni Mbeya, oili nzito kama uji, utapiga kiki mpaka uchelewe kazini. Ya kutolea ikiachwa hivyo inaungua ukingo, na hapo ndipo utakapofungua injini kweli.

Baada ya tapeti ndipo uje kwenye kabureta, kuisafisha, siyo kuinunua. Fungua skrubu ya chini ya bakuli mwage kilichomo kwenye ile chupa, iache itulie, kisha iinamishe taratibu kuelekea mwanga. Maji utayaona chini yanatembea kama shanga, hayachanganyiki na petroli. Kwenye tangi lililokaa nusu bandani Tukuyu, kwa mvua zile na baridi ile, maji lazima. Yangu yalijaa robo ya chupa na rangi ya chai. Mwaga tangi lote. Kisha jeti ndogo ya sailensa, tundu lake jembamba mno, na petroli ya miaka mitatu huacha gundi humo. Loweka kwenye petroli safi, pitisha unywele mmoja wa brashi, puliza kwa pampu ya baiskeli. Ukipitisha waya wa chuma umepanua tundu, na hapo kweli utanunua.

Fundi wako hakudanganya kuhusu hewa, amekosea kesi tu. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa imepungua kama asilimia 15 ukilinganisha na Dar, kwa hiyo pikipiki iliyosetiwa pwani huku inakula petroli kuliko hewa. Plagi inakuwa nyeusi ya masizi makavu na mlima unaupanda kwa kunung'unika. Lakini inanung'unika, haizimi ghafla. Dawa yake ni kile klipu cha sindano ya kabureta, kipandishe mfuo mmoja juu, sindano inashuka, petroli inapungua. Plagi ikiwa na rangi ya chokoleti umepatia. Ila ukishuka nayo Kyela kila wiki, mita 500 tu juu ya bahari, irudishe mfuo wa kati, la sivyo kule itachoma na plagi itakuwa nyeupe.

Ringi usiguse. Pikipiki isiyotoa moshi wa bluu na isiyopunguza oili haijaomba ringi. Umeweka oili mpya baada ya kuitoa bandani? Hukusema. Kama bado, ifanye leo, lita moja hivi inatosha, na safisha ile neti ya chini inayochuja oili kwa petroli.

Jumamosi ipandishe mlima kwa makusudi, ikizima fanya nilivyosema, kisha uje utuambie cheche ilikuwepo au haikuwepo. Na fungua lile kava la kushoto uangalie, ni plati au CDI? Kama ni CDI piga picha zile nyaya zinazotoka kwenye magineto, rangi zionekane.