Uso wa mbwa wangu ulivimba ghafla: tuilaumu chanjo, dagaa au mdudu?

SWALI

Ndugu Daktari,

Nina mbwa dume wa kienyeji mwenye umri wa miezi mitano, ninayemlea kwa ajili ya ulinzi wa nyumba yangu iliyo nje kidogo ya mji wa Korogwe. Jumamosi moja ya mwezi uliopita nilimpeleka ofisi ya kata kupata chanjo ya kichaa cha mbwa, naye akachomwa sindano yapata saa 3:00 asubuhi. Tuliporudi nilimwogesha kwa dawa ya kupe tunayotumia kwa ng'ombe, na saa 7:00 mchana akala ugali kwa dagaa, chakula alichokizoea tangu aache kunyonya. Alasiri alicheza uani na mwanangu kama kawaida yake.

Ilipokaribia saa 11:00 jioni nilishtuka kumwona macho yamefumba, midomo imetuna, na mwili umejaa vinundu vilivyosimamisha manyoya, huku akijisugua uso ardhini bila kutulia. Jirani alisema ameumwa na nyoka, akashauri tumnyweshe maziwa, nasi tukamnywesha. Mke wangu aliwalaumu dagaa. Afisa mifugo alifika saa 12:30 jioni akamchoma sindano mbili, na kulipokucha uvimbe wote ulikuwa umekwisha, isipokuwa kidogo kwenye mdomo wa juu, upande wa kushoto. Mwanangu anasema alimsikia akilia mara moja karibu na pipa la maji, lakini ni mtoto wa miaka sita, hatukumtilia maanani.

Naomba kujua ni kipi hasa kilichomdhuru, kama kipo kipimo cha damu cha kuthibitisha, na kama chanjo ya mwakani niiache. Je, nikimrudishia vitu hivyo kimoja kimoja ili nione, nitakuwa nimekosea?

Msomaji, Korogwe

JIBU

Ndugu msomaji,

Mngemsikiliza mtoto. Katika barua yako yote, yeye peke yake ndiye aliyekuwapo tukio lilipoanza. Ninyi wengine mlifika baadaye mkakuta matokeo. Kabla ya kueleza kwa nini maneno yake yana uzito, nianze na jambo ambalo halina shaka: uliyoyaona, yaani uvimbe laini wa uso, vinundu vya ngozi na mwasho mkali, ni dalili za mzio wa ghafla. Mwili hukutana na kitu ulichokwisha kukitambua kama adui, chembe maalumu zilizo katika ngozi na utumbo humwaga kemikali iitwayo histamini kwa wingi, na maji ya damu huvuja kutoka kwenye mishipa midogo kuingia katika nyama. Kwa kuwa ngozi ya macho na midomo ni nyororo, huko ndiko uvimbe huonekana kwanza. Kazi hiyo yote huchukua dakika chache hadi saa chache, si siku, na ndiyo maana katika kutafuta chanzo mimi huiuliza saa kabla ya kuuliza maabara.

Basi tuipange siku yako. Nyoka tumwondoe mapema. Kifutu akimuuma mbwa usoni, uvimbe huwa na maumivu makali, mbwa hakubali hata kuguswa, mara nyingi damu hutoka kwenye alama za meno, na uvimbe huendelea kukua hadi kesho yake. Hauchipuzi vinundu mgongoni, wala hauondoki usiku mmoja kwa sindano za mzio. Kuhusu yale maziwa, nashukuru kwamba hayakuleta madhara, kwa sababu hayaondoi sumu wala mzio, na mbwa aliyevimba koo akinyweshwa kwa nguvu anaweza kuyavuta hadi kwenye mapafu.

Dagaa nao wana utetezi mzuri. Ni kweli kwamba mzio wa chakula huanza kwa kitu ambacho mbwa amekwisha kukila mara nyingi, kwa hiyo hoja ya kwamba amekizoea haitoshi kukisafisha. Hata hivyo, kwa mbwa mzio huo huja kwa sura nyingine: mwasho wa muda mrefu, masikio yanayouma mara kwa mara, mbwa kulamba nyayo zake hadi manyoya yakabadilika rangi, pengine na kuhara. Uso kuvimba ghafla saa nne baada ya mlo si jambo lisilowezekana, ila ni nadra. Kama angekuwa na dalili hizo za muda mrefu, ningekushauri umlishe kwa wiki zisizopungua nane nyama ya aina moja ambayo hajawahi kuila, pamoja na wanga wa aina moja, bila makombo ya mezani. Kwa tukio la jioni moja, hilo ni kuchosha nyumba nzima bure.

Dawa ya kupe inanitia wasiwasi kwa sababu nyingine. Dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe zina amitrazi au viuadudu vya jamii ya pairethroidi, na kipimo kilichoandikwa kwenye chupa ni cha ng'ombe. Amitrazi ikizidi humfanya mbwa asinzie, ayumbe na mapigo ya moyo yapungue, nazo pairethroidi zikizidi husababisha kutetemeka. Hiyo ni sumu na si mzio, na mbwa wako hakuonyesha hata dalili moja kati ya hizo. Lakini bahati si kipimo: tafuta dawa iliyoandikwa kwamba ni ya mbwa, na usimwogeshe tena siku ileile ya chanjo, maana ukirundika mambo kadhaa katika siku moja huwezi baadaye kujua ni lipi lililoleta balaa.

Tumebaki na chanjo na mdudu, na hapa sitakuficha kwamba uamuzi hauko wazi kama ningependa. Mzio wa chanjo kwa kawaida hutokea ndani ya saa chache, na karibu wote huwa umekwisha kujitokeza kabla ya saa 24. Saa nane ni muda mrefu kidogo, lakini zimo ndani ya mipaka hiyo. Wala usidhani kwamba chanjo haihusiki kwa kuwa ndiyo ya kwanza ya kichaa cha mbwa. Mara nyingi mbwa hawachukii kirusi kilichomo, bali mabaki ya protini za damu ya ng'ombe zilizotumika kukuza kirusi hicho, na protini hizo zimo pia katika chanjo nyingine. Tazama kadi yake: kama alichanjwa magonjwa mengine alipokuwa na miezi miwili au mitatu, mwili wake ulikwisha kukutana nazo.

Hata hivyo, ushahidi wa mdudu una uzito zaidi. Mbwa alilia mara moja, kilio cha ghafla, na alilia karibu na pipa la maji, mahali ambapo nyuki na nyigu hufika kunywa, hasa wakati wa kiangazi. Halafu kuna ule uvimbe uliobaki mdomoni, upande wa kushoto. Uvimbe wa chanjo kwa kawaida huenea uso wote na kuondoka wote. Mahali palipochomwa na mdudu ndipo huvimba kwanza na kupona mwisho. Mbwa wachanga huchomwa mdomoni kwa sababu kila kinachoruka wanataka kukidaka. Muulize mwanao, bila kumwekea maneno mdomoni, kama kilio kilitokea muda mfupi tu kabla hujamwona mbwa amevimba. Akijibu ndiyo, mimi nitamtia hatiani mdudu.

Kipimo cha damu usikihangaikie. Vipimo vya damu vya mzio wa chakula kwa mbwa haviaminiki, na hakuna kimoja kitakachokuambia ni nyuki au ni chanjo. Majaribio yako ya kumrudishia vitu kimoja kimoja yasihusishe sindano wala mdudu kwa hali yoyote, kwa kuwa mzio wa pili unaweza kuwa mkali kuliko wa kwanza. Dagaa unaweza kumpa baada ya wiki mbili, kidogo, asubuhi, siku ambayo upo nyumbani.

Chanjo ya mwakani usiiache. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba, kwa mbwa wala kwa mwanao anayecheza naye. Unachotakiwa kubadili ni namna ya kuchanja: mpeleke kwa daktari wa mifugo badala ya kwenye mkusanyiko, mweleze tukio hili kabla hajaivuta chanjo kwenye sindano, omba achomwe chanjo moja tu siku hiyo, na mkae hapo hapo angalau saa moja. Daktari anaweza kuamua kumpa kwanza dawa ya kuzuia histamini.

Ikitokea tena, angalia fizi na pumzi kabla ya kuangalia uvimbe. Kwa mbwa, mzio mkali hushambulia zaidi ini na utumbo, hivyo kutapika na kuhara ghafla, fizi kupauka na miguu kulegea vinaweza kuja hata bila uso kuvimba. Hapo anahitaji adrenalini na maji ya mshipani mara moja, na msisubiri afisa mifugo afike, mbebeni mumpeleke. Ukiona mwiba wa nyuki bado umo, ukwangue haraka kwa ukucha, maana unaendelea kusukuma sumu. Nyigu haachi mwiba. Usimpe vidonge vya mafua vya binadamu, kwani baadhi vina parasetamoli na dawa za kufungua pua ambazo ni hatari kwake. Hata akipata nafuu, alale ndani mahali mnapomwona usiku huo, kwa sababu uvimbe unaweza kurudi nguvu ya sindano ikipungua.

Leo jioni, kabla giza halijaingia, tazama chini ya mapaa na nyuma ya pipa kama kuna kiota cha nyigu. Ukikikuta, usikichokoe mwenyewe, mwite mtu anayeijua kazi hiyo. Na pipa ulifunike.