Kabla hujasema mayai ya kasa yameuawa na sumu

Kiota cha kwanza nilichofukua Mambrui, baada ya vitoto kuteremka baharini, nilikuta mayai viza zaidi ya thelathini. Papo hapo nikatoa hukumu: dawa za shamba, zimeletwa na maji ya mto Sabaki. Nikayatia kwenye kopo la plastiki, nikayaficha ndani ya friji nyuma ya samaki wa mke wangu. Alininunia wiki nzima.

Mpwa wangu anasomea biolojia. Alipoliona lile kopo akacheka. "Mjomba, umeshayaharibu. Plastiki nayo ina kemikali zake. Utajuaje ipi imetoka shambani na ipi imetoka koponi?"

Ndipo akanieleza kipimo cha seli. Hukatwa kipande kidogo cha ngozi ya kasa, seli zake zikaoteshwa maabara, zikagawanywa kwenye kisahani chenye vishimo 96. Kila safu hutiwa sumu ile ile, ila kwa kiasi kikubwa kuliko safu iliyotangulia. Baadaye hudondoshewa rangi ya buluu: seli zilizo hai huigeuza kuwa waridi, zilizokufa huiacha ilivyo. Hapo hujulikana kiasi kinachoua nusu ya seli, nacho hulinganishwa na kilichokutwa ndani ya yai. Hakuna kasa anayeuawa, na kwa hilo peke yake mimi nimekipenda.

Ila msikichukulie kama ramli. Seli hukaa na sumu siku moja mbili. Kitoto hukaa yaini kama siku 60, kikila kiini ambacho mama amekitia mafuta yake, pamoja na sumu zinazoganda mafutani kama DDT, ile dawa ya wadudu. Tena seli ya ngozi haifanyi kazi ya ini ya kuvunja sumu. Kwa hiyo kisahani kikibaki waridi, msiseme yai lilikuwa salama. Kikibaki buluu kwa kiasi kidogo tu cha sumu, hiyo ndiyo ya kuchunguzwa kwanza.

Kabla ya yote, tazameni kama maji ya bamvua yalifika kiotani, au mchanga ulipata joto kupita kiasi. Mimi sikutazama.

Na kabla ya kuchukua yai, pateni kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kwani kasa analindwa na sheria ya wanyamapori ya 2013, mayai yake pia. Chupa za kioo za jemu zafaa, zikioshwa sawasawa. Andikeni tarehe na mahali. Halafu tafuteni friji isiyo ya mkeo.