Mwanangu, kuhusu Bibi Titi

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata, na swali mnalobishania huko kazini nimelisoma: je, Bibi Titi Mohamed alikuwamo kweli katika njama ya kuipindua serikali, au alisingiziwa? Unataka ndiyo au hapana. Ngoja kwanza nikwambie la bibi yako.

Unajua bibi yako alivyozipenda ngoma zake. Wanawake wa lelemama wa Dar es Salaam walimjua Titi kabla TANU, chama kilichopigania uhuru, haijamjua, maana ndiye aliyekuwa sauti ya ngoma ya Bomba. Alipochukua kadi ya chama mwaka 1955 hakuwatafuta wanawake maofisini, kwani huko hawakuwepo. Aliwafuata kwenye vikundi vyao vya ngoma, kwa wapika pombe na wauza maandazi, na haikupita miezi mingi maelfu wakawa na kadi. Waume waliofanya kazi serikalini walikuwa wamepigwa marufuku kujiunga na siasa. Mama anayeuza maandazi mkoloni angemfukuza kazi ipi? Nimesema siku zote: uhuru wa nchi hii uliingia kwa mlango wa uani.

Sasa sikiliza. Sebuleni kwetu picha ya Bibi Titi ilitundikwa kando ya picha ya Mwalimu Nyerere. Oktoba 1969 habari za kukamatwa kwake zilipotoka, ikaondoka. Nikauliza iko wapi, mtoto mimi, tena mbele ya wageni. Bibi yako akanifinya paja na kunikata jicho lile unalolijua. Kufinywa nilishasahau. Wageni ndio siwasahau. Walikuwa wanawake wa kikundi chake, waliokwenda naye nyumba kwa nyumba, wakampigia vigelegele mpaka sauti zikakauka. Wakaendelea kunywa chai na kuzungumzia khanga mpya.

Najua, utaniambia walikuwa na watoto, na waume zao walikuwa na ajira za kulinda. Kweli. Ningekuwa mimi huenda chai ningeinywa vilevile. Lakini hata mmoja, mwanangu? Hata kusema “maskini” tu?

Kesi ilisikilizwa 1970 mbele ya Jaji Mkuu Georges. Shahidi mkubwa wa serikali alikuwa Leballo, mpigania uhuru wa Afrika Kusini aliyekuwa akiishi kwetu. Bibi Titi alikana mpaka mwisho, akapewa kifungo cha maisha. Mwalimu akamwachia 1972. Siku hizo bibi yako alivaa buibui lake zuri aende kumwona, akafika mlangoni, akalivua. Akasema mguu unamsumbua. Picha ilirudi ukutani mwaka 1991, baada ya gazeti la chama kumwita shujaa katika sherehe za miaka 30 ya uhuru. Nilikuwa mtu mzima, sikuuliza kitu.

Wenzako watakwambia alikuwa na sababu ya kinyongo. Kiti chake cha ubunge Rufiji alikipoteza 1965. Lilipokuja Azimio la Arusha 1967, likakataza viongozi kupangisha nyumba, naye nyumba za kupangisha alikuwa nazo. Akaachia nafasi yake katika Kamati Kuu ya chama. Eti alipenda mali! Mtu aliyeozwa akiwa na miaka 14, ndoa ikavunjika, anajua nyumba yenye jina lako mwenyewe ni nini. Ila na mimi nijipinge mwenyewe: kanuni ilikuwa moja kwa wote, na maskini wa Rufiji hawakuwa na nyumba za kupangisha. Hapo sina la kumtetea vizuri.

Jambo moja linanikera kuliko kesi yenyewe. Sheria ya Ndoa ilipitishwa 1971, ile inayomwezesha mke kudai sehemu ya mali waliyochuma pamoja ndoa ikivunjika, na iliyoruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 mzazi akikubali. Mwanamke aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza wa UWT, umoja wa wanawake, ilipoundwa 1962, na aliyeijua ndoa ya utotoni kwa mwili wake, alikuwa gerezani. Hiyo 15 angeinyamazia? Mimi sidhani. Uhuru uliingia kwa mlango wa uani, kisha mlango ukafungwa, na waliokuwa wamebaki uani wakanywa chai.

Sijakujibu, naona. Hukumu siitoi, sikuwepo mahakamani na sikusikia ushahidi. Ukinibana sana nitasema simwoni yule mama akikaa na wanajeshi kupanga mauaji. Maneno makali kuhusu Mwalimu, hayo namwona akiyasema, mchana kweupe, bila kupunguza sauti. Basi, niishie hapo kabla sijasema zaidi.

Shangazi yako mpigie umuulize. Atakujibu kwa neno moja, na atakosea.

Mama yako