Nimebatizwa Paulo, kijiweni bado naitwa Gongo

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Morogoro. Nilibatizwa Pasaka iliyopita, nikachagua jina la Paulo kwa sababu nami niligeuzwa kama Sauli, yule mtesi wa waumini. Pombe nimeacha kabisa. Lakini kijiweni bado naitwa Gongo, na mke wangu akikasirika ananiita hivyohivyo. Mama mmoja wa genge ananidai shilingi 38,000 za enzi zile. Nilimwambia aliyekopa alifia kwenye maji ya ubatizo, akanitukana mbele ya abiria. Si imeandikwa kwamba mtu akiwa ndani ya Kristo amekuwa kiumbe kipya? Na je, nikabadilishe jina kwenye kitambulisho cha taifa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nilimsomea mama mchungaji akiwa jikoni. Tulipofika kwa yule aliyefia majini akaweka mwiko chini, akacheka mpaka ugali ukashika sufuria. Nami nilicheka, lakini tutarudi hapo.

Kwanza huyo Paulo wako. Wengi tunasimulia kwamba Bwana alimbadilisha jina njiani kwenda Dameski. Hebu fungua Matendo ya Mitume, sura ya 9. Akiwa ameanguka chini, sauti inamwita "Sauli, Sauli". Jina la Paulo unalikuta sura ya 13, yuko Kipro, tayari anahubiri, na Luka, mwandishi wa kitabu hicho, anasema tu "Sauli, ambaye ndiye Paulo". Ni jina la Kirumi, na yeye alikuwa raia wa Rumi.

Basi upya wake ulianzia wapi? Nenda Dameski, nyumbani kwa mtu aitwaye Yuda, katika njia iitwayo Nyofu. Sauli amekaa siku tatu haoni, hali, hanywi. Anaingia Anania, mfuasi wa Yesu, ambaye amekuja kwa hofu maana sifa za mtu huyu anazijua. Anamwekea mikono na kumwita: "Ndugu Sauli." Sisi tuliokulia enzi za Ujamaa tulilitumia neno ndugu hadi likachakaa, ila hapa lisikilize upya. Sauli ni lilelile la mtu aliyekuwa akiwaburuta watu gerezani. Jipya ni ndugu, na anapewa kabla hajabatizwa, kabla hajahubiri hata neno moja. Hajafanya lolote la kulistahili. Hicho ndicho ulichopewa Pasaka, hata kama cheti chako kingeandikwa jina lingine.

Kwa hiyo kitambulisho kiache kilivyo. Bibi yangu mzaa baba hakuwahi kuniita kwa jina la ubatizo hata siku moja. Aliniita kwa jina la babu yake, nami nikaitika mbio. Na kijiweni usigombane nao. Sauli alipofika Yerusalemu wanafunzi wa Yesu walimwogopa, hawakusadiki kuwa kageuka, hadi mwenzao Barnaba alipomshika mkono. Wako wamekuona mlevi miaka mingapi, na mzima miezi mingapi? Mkeo naye mpe muda. Yeye ndiye aliyekuwa akikufungulia mlango usiku.

Sasa deni. Huyo Paulo unayempenda alimwandikia Filemoni kuhusu mtumwa wake, Onesimo. Anamwomba ampokee kama ndugu mpendwa, neno lilelile. Lakini hamwambii kwamba yaliyopita yamepita. Anasema kama kuna kitu anadaiwa, kiandikwe juu yangu, na kwa mkono wake mwenyewe anaandika: "mimi nitalipa". Ndugu mpya, deni la zamani, na linalipwa. Wewe mwenzetu umemzika mdaiwa bila hata kumjulisha mdai siku ya mazishi!

Nenda gengeni asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Mwombe radhi kwa yale maneno, kisha umpe 5,000 mkononi. Ukipeleka kiasi hicho kila Jumamosi, wiki ya 8 unamalizia 3,000. Siku hiyo niandikie unijulishe amekuitaje.