Re: Lile bomba la dawa la Star Trek litakuja kuwepo?

Mkuu, lile bomba la Dakta McCoy, yule daktari wa chombo cha angani kwenye tamthilia ya Star Trek, linalopenyeza dawa bila sindano lilishakuwepo! Tamthilia ilianza 1966, na miaka hiyohiyo Afrika Magharibi watu walikuwa wakichanjwa ndui kwa mashine ya pedali: mhudumu anakanyaga, springi inajikaza, akifyatua chanjo inatoboa ngozi kwa shinikizo tu. Foleni zilikwenda chapchap.

Kasheshe ni damu. Vitone vinaruka hadi kwenye mdomo wa kifaa, anayefuata anavipokea. Katikati ya miaka ya 1980 wateja wa kliniki moja ya kupunguza unene California waliambukizwa homa ya ini B hivyohivyo. Siku hizi zipo zenye kichwa cha kutumia mara moja na kutupa. McCoy mwenyewe sikumbuki akibadilisha kitu.